Goti la Nyamizi

Nyamizi aliambiwa maumivu yataisha. Hakuna aliyemwambia yataisha lini, na hilo ndilo lililomuudhi. Walimwekea nyonga ya bandia kule Mbeya wakati mpunga unapandikizwa. Sasa masuke yalikuwa yanainama, lakini paja lake bado liliwaka kila alipoinuka kitini. Majirani wa Igawa walikwisha kumshauri kila kitu, kuanzia mafuta ya kondoo hadi maombi, na yeye alitingisha kichwa tu kwa heshima.

Hawakujua anachofanya nyuma ya stoo ya mpunga. Kila asubuhi, mumewe Justine akishatoka na ng'ombe, Nyamizi alishika gunia kwa mikono miwili akajishusha chini taratibu, jasho likimtoka, mpaka goti liguse udongo. Halafu aliinuka akirudi juu kwa meno yaliyoumana. Mama mkwe wake, Bibi Milembe, alikuwa anakuja kutoka Chunya kumwona mgonjwa. Tangu aolewe, Nyamizi alikuwa hajawahi kumsalimia mama huyo akiwa amesimama. Mke wa Kisukuma anayemsalimia mkwewe wima kama nguzo ya umeme husemwa mpaka wajukuu wake wasikie, na Nyamizi aliapa kwamba hatasemwa yeye.

Kliniki ndipo alipoumbuka. Dada wa mazoezi, Jackline, alimtembeza, akamlaza, akainua mguu wake, kisha akalitazama goti kwa muda.

"Mama, hapa pamechubuka na nini?"

"Shambani."

"Shamba nilikukataza. Unapiga goti?"

Nyamizi akauliza, "Mwanangu, umeolewa?"

"Bado."

"Basi hutanielewa."

Jackline hakucheka. Alivuta kiti akakaa karibu naye. "Nyonga haimjui mkwe, mama. Nilikwambia usichuchumae, usikalie kigoda, usipige goti mpaka nikuruhusu. Nyama tulizozipasua zinataka kushikana, wewe kila siku unazivuta. Maumivu ya kupona yapo na utayavumilia. Haya mengine unayatengeneza mwenyewe. Siku nyonga ikichomoka, tunarudi kwenye meza ya upasuaji."

Alirudi nyumbani na hasira za kutosha kuchemshia maharage. Alimkasirikia Jackline, akaikasirikia nyonga, na mwisho akajikasirikia mwenyewe, maana alikuwa ameyapalilia maumivu yake kama bustani. Alitaka kuvuna mpunga wake kwa miguu yake, na alitaka heshima yake. Alijua sasa kwamba hawezi kuvishika vyote viwili kwa njia ile ya zamani.

Kuanzia siku ile hakwenda tena nyuma ya stoo. Alishika ukingo wa dirisha akainua mguu kwa upande, kama alivyofundishwa, akatembea na fimbo hadi kwenye mfereji na kurudi. Siku nyingine alilia njiani, akajifuta kwa kanga, akaendelea kutembea. Maumivu hayakuondoka, ila yalianza kupungua. Justine alimwambia mama ataelewa tu. Nyamizi alimjibu kwamba yeye ni mwanawe, hajui mkwe huonaje.

Bibi Milembe aliteremka kwenye bajaji mchana, mwembamba, mkavu, shuka begani. Akawekewa kiti barazani. Wake wa majirani wakaja mmoja mmoja, wakapiga magoti, wakasalimu, wakapisha. Ikabaki zamu ya mwenye nyumba.

Nyamizi aliiegemeza fimbo ukutani na kuvuka uwanja bila kuishika. Alisimama mbele ya kiti, mikono ameikunja tumboni, kichwa ameinamisha. Bibi alikuwa anatazama chini, pale pale ambapo mkwewe hutua siku zote.

"Mwadila, mayu," alisema Nyamizi, akimwamkia mama kwa Kisukuma.

Bibi hakuitika. Wanawake walitazamana. Justine akafungua mdomo.

"Acha, baba Malimi," Nyamizi alimkatiza mumewe. "Nitasema mwenyewe." Hakuishusha sauti. "Mama, nimewekewa nyonga mpya. Nikipiga goti leo itachomoka, nirudi kitandani, na wewe utaniuguza badala ya kupumzika. Nataka kupona. Kwa hiyo nakusalimu nimesimama. Kama nimekosa, unaweza kunisema mbele ya hawa."

Bibi Milembe aliinua macho polepole. Kisha akanyoosha mkono. "Sogea. Nishike."

Nyamizi alimshika kiwiko. Kizee kile kikajikusanya, kikaguna, magoti yakagongana, kikasimama wima mbele yake. Nyuso zao zilikuwa sawa. Nyamizi aliona kwa mara ya kwanza kovu dogo juu ya jicho la mama mkwe wake, na macho ambayo hayakuwa makali kama alivyodhani.

"Mwadila," aliitika Bibi, akamkagua usoni bila haraka. "Miaka yote hii nilikuwa naujua utosi wako tu. Kumbe na wewe umezeeka."

Wanawake wakacheka, naye Nyamizi akacheka huku machozi yakimtoka. Nyonga ilikuwa inauma. Alimshika mama mkwe wake vizuri zaidi, wakasimama hivyo hivyo wakiulizana habari za Chunya, za mvua na za ng'ombe, na hakuna hata mmoja kati yao aliyetaka kuwa wa kwanza kukaa.