Abee ya Nyamvula

"Nyamvula!"

"Abee!"

"Basi, hamna kitu. Endelea kucheza."

Mwanarehema aligeuza viazi karai kwenye mafuta, akicheka peke yake. Zubeida, jirani yake hapo Mtongwe, alikuwa kibarazani akikuna nazi.

"Utalimaliza jina la mtoto," akamtania. "Tangu alfajiri wamwita kwa kazi gani?"

"Niache nijifaidi, shoga. Miaka sita nimemwita asinisikie."

Nyamvula alizaliwa na masikio mazito mno, na neno hakuwa nalo, mpaka watafiti walipokuja Likoni wakamwingiza katika majaribio yao. Walimbandika nyuma ya sikio kifaa chembamba cha kumsaidia kusikia, laini kama ganda la kitunguu, kilichotengenezwa kwa plastiki ya aina mpya inayopitisha umeme. Mwalimu wao wa matamshi akamfundisha sauti moja moja. Neno la kwanza kukamilika lilikuwa abee, lile ambalo binti yeyote wa Pwani humjibu mamake akiitwa. Siku hiyo Mwanarehema aliunguza karai zima la viazi kwa kulia.

Mchana alifunga biashara, akajitanda leso, akampeleka mtoto kliniki kupimwa kama alivyoagizwa. Justus, kijana wa utafiti, alisimama nyuma ya Nyamvula akataja vitu kwa sauti ya chini. Mtoto akagusa picha ya paka, ya kikombe, ya jua, bila kukosea. Justus akapiga makofi. Kisha akachovya pamba kwenye spiriti, akakibandua kile kifaa taratibu, akakitia kwenye kijisanduku.

"Wataka kukisafisha?" Mwanarehema akauliza.

"Tunakirudisha, mama. Utafiti umekwisha. Hii plastiki imestahimili jasho na chumvi ya huku kuliko tulivyotarajia. Matokeo mazuri sana."

"Na mtoto?"

Justus akatazama sakafu. "Tuliyokuwa tukiipima ni plastiki, mama. Tulikueleza mwanzo kwamba ni majaribio."

"Mlisema mwajaribu. Hamkusema kikimfaa mtamvua."

"Madukani bado hakijafika. Lakini vile vya kawaida serikali hutoa. Nenda hospitali umwandikishe."

"Nilimwandikisha akiwa wa mwaka mmoja, babangu. Hata leo hawajamwita."

Justus hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuuma Mwanarehema zaidi, maana hakupata hata wa kumtukana. Kijana akamletea mtoto soda. Mwanarehema akairudisha mezani, haijafunguliwa. Nyamvula alikuwa akiligongagonga sikio lake kwa kidole, akiwatazama midomo, akingoja kifaa chake.

Jioni jiko liliwashwa tena. Mazoea yakamponyoka mama mtu: "Nyamvula!"

Mtoto alikuwa amempa mgongo, karibu kabisa na karai, akipanga vifuniko vya soda mchangani. Hakugeuka. Zubeida akaiinamia mbuzi yake ya nazi ili asionane macho na shoga yake. Mwanarehema aliona heri asingeisikia abee ile hata siku moja, kuliko kuionja na kunyang'anywa.

Baadaye kidogo Nyamvula akaviacha vifuniko, akaja mbio, akamshika leso.

"Abee?"

Ilikuwa sauti kubwa kupita kiasi, na mwisho wake umeshaanza kupinda. Hakuna aliyekuwa amemwita. Mwanarehema akamwashiria akacheze. Viazi havijageuzwa, mtoto huyo tena.

"Abee?"

Hapo ndipo mamake alipoelewa. Mtoto alikuwa akichelea kwamba anaitwa na hasikii, na hakutaka kuonekana mkaidi.

"Wallahi, shoga," Zubeida akasema kwa sauti ya kilio, "wangewaachia kifaa hata mwezi."

Nyamvula alipokuja mara ya tatu, Mwanarehema alijifuta uso kwa ncha ya leso, akamwitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, amemwita, akampa bakuli la ukwaju amshikie.