Saa Kumi ya Kabedi

Wanawake wanaosuka vitunga ni wengi Kamina, lakini anayefunga kazi jua likiwa bado juu ni Kabedi peke yake. Saa kumi ikifika, hata kitunga kikibaki ukingo tu, anakiweka chini, ananawa mikono, anasonga bukari, ugali wa kwao, anakula barazani na mume wake Amédée. Jirani walimtania: "Mama, weye uko fonctionnaire wa serikali?" Naye huwajibu: "Fonctionnaire anangojeaka mushahara. Minyi nangojea bwana."

Na alikuwa na haki. Miaka thelathini na moja Amédée alikuwa mtu wa treni. Anarudi siku tatu, anapotea wiki mbili. Watoto wao wanne, watatu walizaliwa baba yuko njiani. Siku alipopata pensheni, Kabedi alimwambia: "Muchana iko ya bitunga. Kutoka saa kumi, njo saa yetu." Mwaka wa sita sasa, neno hilo halijavunjwa hata siku moja, na sifa za kazi yake hazikupungua. Alisuka vitatu vitatu: kidogo kinaingia ndani ya cha kati, cha kati ndani ya kikubwa, bila kulazimishwa, kama watoto wanaolala kitanda kimoja.

Ndipo akaja Mama Nathalie, mke wa askari, kutoka Base, kambi ya jeshi, juu ya pikipiki. Mdogo wake anaolewa; anataka vitunga kumi na vitano, kila kimoja na wadogo zake wawili ndani, kwa wageni wa upande wa bwana-arusi. Wiki tatu tu. Kabedi alijua hataweza. Lakini mtu akikusifu mbele ya jirani, kinywa kinatangulia akili. Akakubali.

"Usiogope," Amédée akasema. "Bidogo bya mwisho nitasuka minyi. Hii mikono inalala tu."

Kabedi akamfundisha: chini ni shibiri moja na vidole viwili, kisha unapanda. Mzee akasuka kama anakaza reli, hakuna uzi uliolegea. Vinne alivyomaliza vilikuwa vizuri hata mke wake akajivuna, akasahau kuvipima.

Ijumaa, saa tisa, wakaanza kupanga. Seti kumi na moja zikaingiana vizuri. Ya kumi na mbili, kitunga cha Amédée kikagoma mdomoni mwa cha kati. Cha pili vilevile. Cha tatu, cha nne.

"Ulipima na nini?"

"Na shibiri, vile ulisema."

"Shibiri ya nani?"

Amédée akanyoosha mkono, mpana kama sahani. Kabedi akaweka wake juu; vidole vyake viliishia katikati ya vidole vya mume. Akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu kicheko kikamkauka, maana arusi ilikuwa kesho.

"Suka tu," Amédée akasema. "Biko bine, utamaliza mbele ya kulala. Minyi nitakula peke. Nilizoea."

"Njo ile sitaki, uzoee."

Lakini Mama Nathalie alikuwa na ulimi. Neno lake moja kule Base, na hakuna atakayemwagiza tena. Rafia ilikuwa tayari ndani ya beseni, imelowa. Vidole vilimwasha. Kabedi akalipita beseni, akaenda kuwasha makaa.

Chakula kilikuwa mezani pikipiki ya Mama Nathalie iliposimama. Kabedi hakuzungusha maneno. "Mama, kumi na moja zimetimia. Ine hazina bidogo. Kosa ni yangu, sikupima."

"Bitunga bine tu! Jua ingali juu! Kaa usuke, nakungojea hapa hapa."

"Saa hii iko ya huyu," Kabedi akasema, akimwonyesha mumewe kwa kidevu.

"Huyu muzee atakimbia wapi?"

"Alishakimbia miaka makumi tatu na moja, mama. Sasa nimemushika."

Mama Nathalie akasogea barazani. Mume wake mwenyewe alikuwa upande wa mashariki na kikosi chake, mwaka wa pili, anapiga simu siku rezo ya mtandao inapokubali. Akaitazama meza: bukari, samaki mmoja, viti viwili vimeelekeana.

Amédée alikuwa ameshaleta kiti cha tatu. "Karibu, mama. Kununa na njaa haiende pamoja."

Akakaa. Mwanzo alikula kwa hasira, matonge makubwa makubwa. Kisha mkono ukapunguza mwendo.

"Zile ine," akasema mwishowe, "tutabapa bashangazi ba bwana-arusi, wiki inakuja. Banapendaka kulalamika. Acha bapate sababu."

"Siku ya tatu utabipata," Kabedi akasema.

"Sawa. Na bile bya muzee nitabeba, nitiemo unga. Binakaza, baba!"

"Eyo vidye!" Amédée akaitikia kwa Kiluba, yaani ndiyo, mtukufu, akiinamisha kichwa kama mbele ya mfalme, na Kabedi akamsogezea kichwa cha samaki, fungu lake, kabla mgeni hajakifikia.