Yah: Pampu ya Suguti

"Hiyo kompyuta uirudishe ilivyokuwa Ijumaa," Boniphace alisema kwa mara nyingine. "Kila barua peke yake, kila mtu kwake."

"Ijumaa ulikuwa huoni kitu, bosi," Gaudensia alijibu bila kuacha kuchapa. "Mimi ndiye nilikuwaga nakutafutia."

Boniphace alikuwa meneja wa Mradi wa Visima, ofisi ya Bunda. Gaudensia alikuwa katibu muhtasi wake, mwenye diploma ya uhazili na watoto wanne, na walikuwa wakigombana tangu chai. Nyuma ya Boniphace, nusu hatua kulia, alisimama Injinia Keraryo wa ofisi ya Musoma, mkoba mkononi. Nyuma ya Keraryo, nusu hatua nyingine kulia, alisimama mzee Baltazari, mtunza stoo wa Butiama. Nafasi ilikuwa imemwishia, kwa hiyo mguu wake mmoja ulikuwa ofisini na mwingine kwenye korido.

Ilianza Jumamosi, Gaudensia alipoamua kuipanga programu ya barua pepe iliyoko kwenye kompyuta ya mezani. Ofisi zile tatu zilikuwa na tabia moja: hakuna aliyejibu barua. Mtu akipata ujumbe alifungua ukurasa mtupu, akaandika "Yah:", akaanza upya kwa heshima zote. Boniphace aliandika "Yah: Pampu mbovu, Zahanati ya Suguti." Keraryo akaleta "Yah: Husika na kichwa cha habari hapo juu," na hapo juu hapakuwa na kitu. Baltazari akaleta "Yah: Kukumbushia," asiseme anakumbushia nini. Programu ilizichukua kuwa ni barua za watu wasiojuana, ikazitawanya kati ya matangazo ya semina na salamu za Pasaka, na kila aliyeulizwa habari za pampu alisema bado anasubiri majibu.

Gaudensia aliingia kwenye mipangilio. Aliamuru kila jibu likae chini ya barua inayojibiwa, lisogee kulia kidogo. Zile ambazo programu ilishindwa kuzitambua alizivuta kwa kipanya mwenyewe, moja moja, kama mtu anayerudisha kuku wa jirani. Juu ya jambo zima akabandika bendera nyekundu: kazi, haijaisha. Kisha akazima mashine, akaenda kununua dagaa.

Jumapili asubuhi Boniphace alipotoka nyumbani kwake Kabasa kwenda kanisani, Keraryo alikuwa tayari nyuma yake, ameshuka kwenye basi la kwanza kutoka Musoma. Baltazari alifika wakati wa sadaka, akashika nafasi yake. Walikaa kwenye mabenchi matatu, kwa mshazari. Mchungaji aliwapa muda wa kukaa vizuri, akaendelea na Warumi. Kwaya peke yake ndiyo iliyolalamika, kwa sababu benchi la tatu lilikuwa lao.

Nyumbani, mke wa Boniphace, Yunis, alitandika magodoro matatu sebuleni, nayo kwa mshazari. La Baltazari lilitokeza barazani, hivyo akamfungia chandarua. Alichowaomba ni wavue viatu tu.

Kila walipoandikiana upya, aliyeandika alihamia mwisho wa mstari na kusogea kulia zaidi. Jumatatu Baltazari aliandika akiwa chooni, akajikuta kwenye ua wa jirani. Jirani alimsalimia, akamwonyesha geti. Tangu hapo walipunguza kuandika.

"Mimi nina familia Musoma," Keraryo alisema sasa, akichungulia juu ya bega la Boniphace. "Mama Rebeka, utuonee huruma."

"Nani anawashikilia?" Gaudensia alisema. "Malizeni jambo, mtaachana. Pampu mpya iko wapi?"

"Stoo Butiama," Baltazari alisema kutoka mlangoni. "Iko kwenye boksi lake. Nyuki wameingia kidogo, lakini ipo."

"Basi itoe."

"Siwezi kuitoa bila kibali cha Injinia."

"Injinia huyo hapo, mzee, unamgusa kisogo."

"Mimi kibali natoa Bunda ikiomba," Keraryo alisema.

"Na mimi siwezi kuomba kitu ambacho stoo haijathibitisha kuwa kipo," Boniphace akasema.

"Si amekuambia sasa hivi ipo?"

"Kwa mdomo, Mama Rebeka. Kwa mdomo hata mimi nina ndege."

Gaudensia aliacha kuchapa. Rebeka, binti yake wa kwanza, alikuwa ameolewa Suguti, na mwezi wake ulikuwa huu. Tangu pampu ife, nesi wa zahanati aliwaambia wajawazito waje na maji yao ya kujifungulia. Mwenye mume mzuri alichotewa ziwani. Mume wa Rebeka alikuwa mzuri, lakini alikuwa Geita.

"Si ubonyeze tu pale pa 'imekamilika'," Boniphace alisema, sauti imeshuka. "Ni alama tu. Sisi tutarudi makwetu, na pampu tutaishughulikia kwa utaratibu."

"Imekamilika wapi? Mwanangu akazalie kwenye utaratibu?"

"Hayo sasa ni ya kwenu nyumbani."

Simu ya Gaudensia iliita. Ilikuwa Rebeka.

"Mama, uchungu umeanza. Niko zahanati. Nesi anauliza dumu zangu ziko wapi."

"Mwambie zinakuja."

"Zinakuja na nani?"

"Kaa chini, pumua," Gaudensia alisema, akakata.

Aliisogeza kibodi karibu. Boniphace aliinama kutazama kioo, Keraryo akainama, Baltazari akainama mlangoni. Gaudensia alilishika jambo lote kwa kipanya, kuanzia barua ya kwanza hadi kukumbushia kwa mwisho, akaliburuta kutoka kwenye barua na kulidondosha kwenye kalenda. Programu ikamuuliza kazi ni nini. Akaandika: kupeleka maji. Mahali: Zahanati ya Suguti. Muda: sasa. Wahusika ilikuwa imeshawajaza yenyewe. Ikauliza kama kazi ijirudie. Akachagua kila siku. Ikauliza mwisho ni lini.

"Hapo weka Ijumaa," Boniphace alisema haraka.

Aliandika: pampu mpya ikifungwa. Akabonyeza hifadhi.

Wale watatu waligeuka. Boniphace alitangulia kwenda nyuma ya ofisi kwenye bomba, akachukua madumu mawili ya mfagizi, Keraryo mawili, Baltazari mawili.

"Na gari la ofisi?" Keraryo aliuliza, maji yakijaa.

"Gari linaombwa Musoma," Boniphace alisema.

Gaudensia alisimamisha pikipiki ya magurudumu matatu iliyokuwa inatoka kushusha pamba. Dereva aliwatazama jinsi walivyokaa, mmoja nusu hatua kulia kwa mwenzake, wa mwisho akining'inia nje ya bodi, akasema atabidi apunguze mwendo kwenye kona za kushoto. Gaudensia alikaa mbele, mkoba mapajani, mpaka walipoliona ziwa.

Zahanati ya Suguti ilikuwa na pipa moja tupu kwenye korido ya wodi ya wazazi. Nesi hakuuliza wao ni kina nani, aliondoa mfuniko. Boniphace alimimina, akafuata Keraryo, akafuata Baltazari. Pipa halikujaa hata nusu. Walichukua madumu wakashuka ziwani kwa mshazari, kupitia kwenye shamba la mihogo, Baltazari akiwa peke yake kwenye shamba la mtu mwingine. Kwenye mteremko Boniphace alisikika akimwambia Keraryo kwamba njia hii ni mbaya na inafaa iandikiwe barua.

Rebeka alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili. Aliwatazama wakipita dirishani.

"Mama, wale ni kina nani?"

"Barua za ofisini," Gaudensia alisema, akachota maji kwenye pipa. "Leta mgongo."