Pindo la Neno

Fundi cherehani alikaa kando ya kitanda cha chumba cha daktari, suruali ya mumewe, mzee aliyelala hapo, mapajani, neno moja la daktari likimzunguka kichwani.

Daktari alikuwa amembonyeza mzee tumbo, akamgeukia muuguzi na kusema, "Hepatomegaly." Kisha akatoka mbio, kana kwamba ametaja bei ya nyanya.

Binti yao, anayesomea uuguzi, ndiye aliyemfundisha mama yake kuyafumua maneno ya Kiingereza. "Yameshonwa haya, mama. Kola mbele, kiwiliwili katikati, pindo mwishoni." Hyper ni kola: kupita kiasi. Hepato ni kiwiliwili: ini. Ila pindo ndilo linalotoa hukumu. Itis, kiungo kimeshika moto. Oma, kuna kivimbe. Ectomy, kinakatwa kinatupwa. Mzee alikuwa akiwacheka: "Basi mama yako ni hyper-mdomo."

Leo ini alilijua. Hilo megaly hakuwahi kulishika mkononi. Kuoza? Kwisha? Kidole chake kikapapasa kiuno cha suruali.

"Mbona kimya, mama watoto?"

"Nachagua mume mwingine."

"Chagua mwenye duka."

Wakacheka kidogo, kicheko kisichofika tumboni.

Daktari akarudi. Ulimi wa fundi ulikuwa mzito kama pasi ya mkaa. "Daktari, ule mwisho wa neno lako... megaly ndiyo nini?"

"Kubwa, mama. Ini limekuwa kubwa. Kwa nini, bado hatujui." Akamtazama mzee. "Tumbo limeanza kujaa lini?"

"Wiki iliyopita tu," mzee akawahi, asije akalazwa.

Kubwa. Kidole kikaganda kiunoni mwa suruali. Kila mara mzee alipoileta akisema inabana, yeye aliufumua mshono na kuipanua kiuno huku akimtania: "Kuna mtu anakupikia huko nje, eti?" Naye mzee akajichekea.

Sasa mzee aliona kidole kilipo. Akamkodolea macho ya mtoto aliyeiona sindano: nyamaza, mke wangu.

Fundi alitamani kunyamaza, Mungu anajua. Badala yake akaipindua suruali, akamwonyesha daktari matundu ya sindano, mshono nyuma ya mshono.

"Huu wa kwanza," alisema, "ni wa mwaka jana, kabla ya mvua."

Daktari akavuta kiti, akaketi. Hapo ndipo fundi alipoogopa kweli: mtu aliyekuwa na haraka zote zile, sasa ana nafasi.