Kurasa Ishirini na Sita za Wapagazi

Mkutubi alikifungua kitabu katikati, akakisukuma juu ya kaunta mpaka kikanigusa vidole.

"Kurasa ishirini na sita," alisema. "Umezipeleka wapi?"

Kilikuwa kitabu kinene cha historia ya wapagazi wa njia ya Ujiji, nakala pekee katika maktaba ya chuo chetu hapa Tabora. Kinaazimwa kwa siku tatu tu. Baada ya ukurasa wa themanini na nane unakuja wa mia na kumi na tano. Katikati kuna vishina vya karatasi zilizokatwa kwa wembe.

"Mama, ulinipa kitabu hiki Jumatatu, na siku ileile nikarudi kukuonyesha. Ukasema utaandika."

Bi Apolinaria alivuta daftari la maazimo. Mbele ya jina langu, Godeliva, hapakuwa na neno.

"Sikumbuki. Ninyi wageni mkishavuka mpaka na vitu vyetu, ndiyo basi tena. Kwa nini unadhani tunashika pasipoti?"

Watanzania wakiazima kitabu cha nyuma ya kaunta huacha kitambulisho cha chuo. Sisi tuliotoka nje tunaacha pasipoti. Mimi ni Mrundi wa Rumonge, na pasipoti yangu ilikuwa kwenye droo ya yule mama. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Kibali changu cha kuishi kilikuwa kinaisha Ijumaa, na bila pasipoti watu wa uhamiaji wasingenisikiliza.

Alinipa fomu. Iliandikwa: nakiri kuharibu mali ya chuo. Nikisaini, ninapewa pasipoti na kufungiwa maktaba mpaka mwisho wa mwaka.

"Saini uende zako."

"Sisaini."

"Basi pasipoti inalala hapa."

Nilitamani kuichana ile fomu vipande vipande. Kilichonizuia ni kwamba kuchana karatasi ndiko walikokuwa wananisingizia.

Bwenini nililala kitandani bila kuvua viatu. Anifa, mwenzangu wa chumba, ni mtoto wa Isikizya, hapahapa Tabora, mpole, asiyependa ugomvi.

"Saini tu, Goda. Mwaka ukiisha watasahau."

"Wangekuwa wamekusingizia wewe, ungesaini?"

"Mimi wasingenipa fomu," alisema. "Wangeniuliza kwanza."

Kesho yake Dokta Alois, mhadhiri wetu wa historia, alitwambia darasani kwamba karatasi za kusoma kwa ajili ya mtihani ziko steshenari, karibu na geti. Anifa alikwenda akaleta nakala mbili. Nilianza kusoma nikiwa nimesimama. Ilikuwa habari ya wapagazi waliotoka Kwihara, jirani na hapa, na meno ya tembo mabegani, wakafika Ujiji, wengine wakavushwa ziwa mpaka kwetu. Ndiyo habari niliyoiazimia kile kitabu, nikakuta vishina.

Nikatazama namba ya ukurasa. Themanini na tisa. Wa mwisho ulikuwa mia na kumi na nne. Kwenye pembe ya juu kivuli cha mhuri wa maktaba yetu kilisomeka vizuri, na ubavuni mwa kila ukurasa mstari mweusi ulipinda pale wembe ulipopita.

"Anifa, hesabu."

Alihesabu. Alipofika ishirini na sita alivaa kandambili zake, tukatoka.

Ezekia wa steshenari alitutolea faili bila wasiwasi. Kurasa zenyewe zilikuwa ndani, za njano, na juu ya jalada jina la Dokta Alois.

"Kaleta tangu mwezi wa nane," alisema. Mwezi wa nane nilikuwa nyumbani Rumonge. Hakukubali tuzichukue, lakini Anifa alizipiga picha kwa simu, moja moja.

Bi Apolinaria aliitazama simu. Uso wake ulilegea.

"Ah. Dokta atakuwa alisahau kuzirudisha."

"Amesahau? Jana mimi nilikuwa mwizi, leo yeye amesahau?"

"Punguza sauti. Hapa ni maktaba."

"Sipunguzi! Jana uliniita mwizi kwa sauti gani?"

Vichwa viliinuka kwenye meza zote. Alifungua droo, akaniwekea pasipoti mbele yangu, kisha akaketi kama mtu aliyemaliza kazi. Sikuondoka.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Kwamba kitabu kilikuwa kimekatwa kabla sijakiazima. Mbele ya jina langu. Na tarehe ya Jumatatu."

Aliandika, akiikandamiza kalamu.

"Na aliyekikata."

"Hilo siandiki, binti. Mimi nina kazi ya kulinda."

"Nipe kalamu."

Hakunipa. Nilichukua ya Anifa, nikaandika mwenyewe: Dokta Alois. Alilivuta daftari nikiwa bado naandika, herufi ya mwisho ikaburuzika mpaka ukingoni.

Ijumaa nilipata kibali. Wiki iliyofuata kurasa zilirudi maktaba ndani ya bahasha ya kaki. Dokta Alois hakuulizwa na mtu. Alifundisha kama kawaida, na alipokuwa akigawa insha alisimama kwenye meza yangu.

"Wewe ndiye yule Mrundi?"

"Mimi ndiye Godeliva, Dokta. Niliandika jina lako kwenye daftari."

Aliiweka insha yangu kifudifudi, akapita.

Hakuna aliyeniomba radhi. Nimeandika barua kwa mkuu wa chuo kupinga pasipoti zetu kushikwa, na wageni kumi na mmoja wameisaini. Wengine watatu waliogopa, siwalaumu. Ni wiki ya sita sasa. Kila Jumatatu asubuhi nakwenda kuulizia, na kila Jumatatu katibu muhtasi ananijibu bila kuinua macho kwamba barua inashughulikiwa.

"Na nani?" namuuliza.

Hajawahi kunitajia jina. Navuta kiti, naketi mbele yake mpaka muda wa kipindi ufike.