Saratani na Milango ya Mafuta

Maneno hayo Bernadeta aliyasikia kwenye mashine ya kusaga, pale Cheyo, Tabora: saratani chakula chake ni mafuta, ukiyakata inakufa njaa. Aliyeyasema alishabeba unga wake akaenda zake, lakini maneno yakawa yanalala na Bernadeta na kuamka naye. Binti yake Agnetha alikuwa na saratani ya titi, na hospitalini alishaanza kutundikiwa dripu za dawa ya saratani.

Basi akakata. Nsansa, yale majani makavu ya kunde, akayachemsha bila karanga, jambo ambalo kwao ni kama kumpikia mfungwa. Mayai hapana, maziwa hapana. Ngollo, mama mkwe wa Agnetha, akaja kutoka Igunga na kibuyu cha samli. Bernadeta akakisukumia uvunguni.

"Nyie Wanyamwezi mnaleta utani mpaka kwa mgonjwa?" Ngollo akasema. "Mnamlisha huyu, au mnamkausha kama michembe ya viazi?"

"Wewe Msukuma unajua ng'ombe tu. Niachie mwanangu."

Agnetha akacheka kidogo, akashika ukuta, akakaa chini.

Siku ya dripu, hospitalini, mzani ukamkataa.

"Uzito umeshuka mno, leo simpi dawa," alisema Daktari Veneranda. "Mama, huyu anakula nini nyumbani?"

Bernadeta akaeleza yote, akingoja kukaripiwa. Daktari akavuta kiti.

"Aliyekuambia hakutunga yote, mama. Kila chembe ya mwili, yaani seli, ina vilango kwenye ngozi yake. Damu inapita na mafuta yanayoitwa kolesteroli, yamefungwa mizigo midogo midogo. Kilango kinashika mzigo wake, kinauingiza ndani, chembe inajengea kuta zake. Sasa saratani nyingine hujifungulia milango mingi kupita kawaida, zijenge upesi, zisambae."

"Kumbe zina akili?"

"Hazina. Ndiyo maana zinatushangaza. Wataalamu bado wanatafuta namna ya kuifunga hiyo milango."

"Si ndiyo nimezinyima?"

"Ini lake linatengeneza kolesteroli lenyewe, hata asipokula. Anayelala njaa ni Agnetha."

Bernadeta akautazama mkono wa binti yake. Babu zake walibeba mizigo kwa miguu kutoka Tabora mpaka pwani, naye siku zote alidhani hakuna msafara mrefu kuliko ule. Kumbe chini ya ngozi hii mizigo inatembea usiku na mchana, inapokelewa kwenye milango isiyohesabika, na mwenye mwili hasikii kitu. Aliogopa kuugusa. Kisha akaushika kwa mikono miwili, taratibu, kama ashikavyo vitu vya altareni.

Karanga zikarudi chunguni, na mayai, na maziwa, kwa kiasi alichopanga daktari. Uzito ulipopanda, dripu ikatundikwa. Kwamba itamponya, hakuna aliyemwahidi. Ila ilichelewa, na aliyeichelewesha ni mama mzazi.

Mwenye mgonjwa wa saratani aepuke haya:

Kumkatia chakula bila kumuuliza daktari.

Kumficha daktari anachokula mgonjwa na asichokula.

Kumpa vidonge vya kupunguza mafuta kwenye damu alivyoandikiwa mtu mwingine.

Kunyamaza anapoona mgonjwa anakonda.