Uwanja wa Watu Wanane

Kazini walimwita Breki, jina lililomganda tangu enzi za gemu ya kwanza. Wakati huo alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, mwanamke pekee kati ya wanaume watano, kwenye chumba kilichokuwa juu ya duka la vioo. Kazi yake ilikuwa kuyafanya magari ya kwenye skrini yaende kama magari. Picha na milio ya mabomu vilikuwa na wenyewe. Yeye alishika mwendo: gari likikata kona, mkia uteleze kiasi gani, likigongwa ubavuni, lisukumwe hadi wapi. Gemu iliitwa Chuma kwa Chuma. Magari manne yaliingia uwanjani, yakapigana mpaka likabaki moja. Ilipotoka ilishika moto. Ikaja ya pili, ikaja ya tatu, halafu watu wakaihama, ile kampuni ikafungwa, na wale watano kila mmoja akashika njia yake.

Miaka ishirini na miwili baadaye, Breki alikuwa akitengeneza programu za kupanga zamu za madereva wa malori. Siku moja simu ikaita.

"Dada Breki? Usikate, tafadhali. Mimi nimekulia kwenye gemu yako."

Aliyepiga alikuwa mkurugenzi wa kampuni ya gemu, mwanamume wa miaka thelathini na mitano mwenye sauti ya mtu aliyepanda ngazi mbio. Alisema amepata haki ya kuifufua Chuma kwa Chuma. Alisema yeye na binamu zake walikuwa wakiicheza sebuleni kwa shangazi yao, mpaka kochi la shangazi likavunjika mguu. Alikuwa ameuliza watu mtandaoni kama wanaitaka tena.

"Elfu arobaini wamesema ndiyo, Dada. Elfu arobaini! Watu wanaililia."

Breki alisubiri moyo wake uruke. Haukuruka. Alidhani ni uchovu tu, kwamba ungeruka kesho yake. Jioni akamweleza dada yake mkubwa, mshonaji, ambaye waliishi nyumba moja.

"Sasa mbona unasema kama mtu anayesoma orodha ya sokoni?" dada mtu akauliza, pini zikiwa mdomoni.

"Nimefurahi."

"Uso wako haujaambiwa."

Akaikubali kazi.

Walikuwa watu ishirini na sita kwenye ghorofa ya tatu, na kwa miaka miwili walifanya kazi kama siafu. Breki aliurudisha mwendo wa zamani kwa vidole vyake mwenyewe, kona kwa kona. Mkurugenzi alipoendesha gari la kwanza alisema, "Ndiyo yenyewe," akaenda chooni kunawa uso.

Kasoro zilianza walipoleta watu wa kujaribu. Msichana mmoja wa chuo, bingwa wa gemu za kufyatuliana risasi, alicheza robo saa akaweka padi ya kuchezea mezani.

"Nataka kukwepa, lakini siendi kando. Kwa nini?"

"Ni gari," Breki akasema. "Gari haliendi kando."

"Basi nipeni mtu."

Mwingine, kijana wa gemu za mashindano ya magari, alizunguka uwanja mara tatu kwa ustadi wa kupendeza, akigongwa na kila mtu, kisha akauliza mstari wa kumalizia uko wapi. Walipomwambia hakuna mstari, alitikisa kichwa kwa adabu, kama mgeni aliyeletewa chakula asichokila.

Breki aliyaandika yote hayo kwenye ripoti. Ilisomwa. Mtu akasema wale si wateja wetu. Wateja wetu ni wale elfu arobaini.

Kikao cha kukata kauli kilifanyika baada ya chakula cha mchana, watu wakiwa wazito. Mchoraji mkuu alileta shida yake. Ili watu wanne wacheze pamoja kwenye runinga moja, skrini ilibidi igawanywe vipande vinne, na kompyuta ilibidi ichore kila kitu mara nne. Ama wapunguze moshi, cheche na mng'ao wa mabati, ama waongeze miezi sita.

"Siku hizi kila mtu anacheza akiwa kwake," mkurugenzi akasema. "Tuwape uwanja wa watu wanane mtandaoni. Skrini ya kugawana tuiache."

"Zamani ulikuwa unampiga mtu aliyekaa ubavuni kwako," Breki akasema. "Anakupiga mto. Raha ilikuwa hapo. Ukimpiga mtu usiyemwona, umepiga bati tu."

Mchoraji mkuu alikuwa akiangalia dirishani. Karatasi ikazungushwa, kila mkuu wa kitengo atie saini. Ilipomfikia Breki, aliona kwamba angeweza kusimama, angeweza kusema sitii saini. Alijipapasa ndani atafute hasira ya kumsimamisha, asiipate. Akatia saini, akampa wa pembeni kalamu.

Gemu ikatoka siku ya Jumanne. Kati ya wale elfu arobaini walikuja elfu tisa.

Maoni yalikuwa mazuri, hilo ndilo lililowachanganya. "Ni ile ile kabisa! Nimerudi utotoni," mmoja aliandika, akaipa nyota zote tano. Fundi wa seva, mwanamke mnene mpole aliyelinda kompyuta zilizobeba gemu, alimwonyesha Breki kumbukumbu za mtu huyo. Alikuwa amecheza saa moja na dakika hamsini. Tangu hapo hajaifungua tena.

"Wako wengi hivi," fundi wa seva akasema. "Wanakuja, wanakumbuka, wanaondoka."

Waliobaki walikuwa mafahali mia tatu hivi, watu ambao hawakuwahi kuiacha ile ya zamani na walioijua kila kona kwa kufumba macho. Mgeni akiingia uwanjani aliuawa ndani ya sekunde ishirini. Akirudi, aliuawa tena. Mara ya nne alizima, akaenda kufanya mambo yake, na nani angemlaumu? Gemu yenyewe haikuanza mpaka watimie wanane, na kadiri wageni walivyopungua ndivyo kusubiri kulivyorefuka. Wiki ya pili mtu alisubiri dakika saba. Wiki ya nne, kumi na tisa. Watu wazima waliotoka kazini, wenye saa moja tu ya kupumua kabla ya kuosha vyombo, walikaa wakitazama duara linazunguka kwenye skrini, kisha wakaenda kuosha vyombo. Wiki ya sita, adhuhuri moja, walikuwepo watu kumi na mmoja.

Mkurugenzi akakonda. Akaruhusu uwanja ufunguke hata kwa wawili, kisha akatoa agizo kwa sauti ya chini, kama anayeomba chumvi: kila siku kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja, wafanyakazi waingie mtandaoni kwa majina ya kubuni, wacheze, ili mteja atakayekuja akute watu.

"Tusiwaambie sisi ni nani," akasema. "Na wageni muwaache washinde."

Breki alijiita Konakali. Kila mchana alikula, akakaa, akavaa vifaa vya masikioni, akauawa na watu asiowajua. Alijifunza kufa vizuri: kukosea kidogo, kuonyesha ubavu, kulipuka. Hakuona aibu wala huzuni. Alihisi kama mkono uliolaliwa, ambao unajua ni wako lakini ukiugusa haukujibu. Dada yake alimuuliza siku imekwendaje, akajibu, "Nimekufa mara thelathini na moja," na dada mtu akacheka, kisha akaacha kucheka.

Kulikuwa na mchezaji mmoja aliyekuja kila siku saa tisa. Alijiita Baba Pacha. Alicheza kama watu wa zamani, mwenye akili lakini mzito wa vidole, na alikuwa na tabia ya kupiga honi kila alipomgonga mtu, kama anayeomba radhi. Chini ya skrini palikuwa na mahali pa kuandikiana. Walikuwa wakisalimiana tu.

Alhamisi moja, wenzake wakiwa viwanja vingine, uwanjani walikuwa wao wawili peke yao. Baba Pacha alisimamisha gari katikati ya uwanja, akaandika: "Samahani ndugu. Unaijua vizuri hii gemu?"

"Kiasi," Breki akaandika.

"Pa kuwasha wachezaji wawili skrini moja ni wapi? Nimepatafuta tangu juzi. Kaka yangu amefika asubuhi kwa basi, keshokutwa anarudi. Hatujaonana miaka sita. Tuliicheza tukiwa wadogo. Hapa nilipo amekaa pembeni, ameshika padi ya pili."

Breki alisoma mara mbili. Kwenye meza yake ilibandikwa karatasi ya majibu waliyopewa kwa maswali kama hayo: tunathamini maoni yako, endelea kufuatilia habari zetu. Siku mbili kabla, kwenye kikao cha mlango uliofungwa, ilikuwa imeamuliwa kwamba seva zitazimwa baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa. Haikuwa imetangazwa.

"Haipo," akaandika.

"Itakuja?"

Aliitazama ile karatasi ya majibu. Kisha akaandika polepole, kwa vidole viwili, kama mtu asiyejua kuandika.

"Haitakuja. Mimi ni mmoja wa walioitengeneza. Ilipoondolewa nilitia saini. Baada ya wiki mbili tunaifunga kabisa. Nisamehe."

Magari mawili yalisimama yakitazamana, injini zikinguruma kwa mlio uleule. Dakika ikapita. Breki alidhani ameondoka.

"Aa," Baba Pacha akaandika. "Pole sana."

Breki alilitazama lile neno. Alitarajia matusi, na matusi angeyapokea kama anavyopokea mabomu. Pole hakujua aiweke wapi.

"Basi tutapokezana padi," yule mtu akaendelea. "Kaka anasema usimwonee huruma, yeye ndiye aliyekuwa bingwa wa nyumba."

Wakaanza. Breki alijua mara moja padi ilipobadilisha mikono. Mdogo mtu alikata kona kwa mahesabu. Kaka mtu alikanyaga mafuta mpaka mwisho, akabamiza ukuta, akarudi nyuma, akabamiza ukuta mwingine, na katikati ya fujo hiyo alifyatua makombora yenye shabaha ya kutisha. Mara ya kwanza tangu wiki ya sita, Breki hakujiachia auawe. Akapigana. Alimlipua kaka mtu mara mbili, akalipuliwa mara tatu, akajikuta amekaa ukingoni mwa kiti. Wakacheza mpaka saa kumi na nusu. Mwisho Baba Pacha akaandika, "Anacheka mpaka anakohoa. Ahsante, ndugu," wakaondoka.

Breki alivua vifaa vya masikioni. Ofisi ilikuwa kimya. Ile hali ya kufa ganzi ilirudi taratibu, ikamkalia palepale ilipokuwa imekaa.

Tangazo likatolewa. Siku ya kuzima, kuanzia asubuhi, watu walianza kuingia, na kufikia saa tano walikuwa mia mbili na sitini, wengi kuliko siku yoyote ya miezi miwili iliyopita. Viwanja vilijaa ndani ya sekunde chache. Hakuna aliyefyatua hata risasi. Waliyapanga magari mistari mistari, kama gereji iliyopangwa na mtu mwenye wakati mwingi, wakapiga honi. Ofisi nzima ilisimama nyuma ya fundi wa seva. Mkurugenzi macho yalikuwa mekundu. Mtu mmoja akasema kwa hasira, "Walikuwa wapi hawa?"

Saa sita kamili fundi wa seva akabonyeza. Honi zikakatika zote kwa pamoja. Skrini ikaandika kwamba muunganisho umepotea. Baada ya muda kiti kimoja kikalia, halafu kingine, na watu wakaenda kula.

Mkurugenzi alimkuta Breki kwenye ngazi za nyuma, akakaa daraja moja chini yake.

"Dada, ile karatasi ya skrini. Ulijua itatuua?"

"Nilijua."

"Mbona hukupiga kelele?"

"Nilitafuta sauti sikuipata. Na wewe?"

Alijikuna shingo. "Mimi nimekulia chumba kimoja na gemu hii. Ningekosaje kujua? Lakini zile picha za moshi zilikuwa nzuri. Na wale elfu arobaini walinidanganya."

"Hawakukudanganya. Uliwauliza kama wanaipenda, na wanaipenda. Hukuwauliza kama bado wana Jumamosi, na watu watatu wa kukaa nao."

Walikaa wakisikiliza mtu akiburuta meza ghorofa ya pili. Kisha mkurugenzi akasema kuna watu wamempigia, wana gemu nyingine ya zamani, wanataka ifufuliwe, na wanamtaka yeye Breki kwa jina.

"Sitaki," Breki akasema. Alilisema bila uchungu, akashangaa jinsi lilivyokuwa jepesi.

Alifika nyumbani mchana kweupe, jambo ambalo dada yake hakulizoea.

"Wamekufukuza?"

"Tumefunga. Kesho nitawapigia wale wa malori."

Dada mtu alimtazama usoni kwa muda, akitafuta kitu. Hakumwambia jikaze wala hakumkumbatia. Alimrushia suruali ya mteja, akampa na wembe. "Fumua pindo la mguu wa kulia. Umezidi urefu."

Breki akakaa karibu na dirisha, akafumua. Ilikuwa kazi ndogo ya kufuata uzi mmoja mpaka mwisho, na aliifanya vizuri, bila kuwaza lolote. Alipomaliza akampelekea dada yake. Dada mtu akaigeuza, akaipima, akaguna.

"Umefumua wa kushoto."

Breki aliichukua, akaigeuza, akaona ni kweli. Pumzi ikamtoka puani, fupi, karibu na kicheko.

"Lete sindano," akasema.